Amedeus Otto Mapunda, Mpiga Besi wa Msamala, na Kifaa Kitakachozikwa Naye

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, wanakwaya, wapiga muziki mliotoka Namtumbo, Mbinga na Tunduru, ndugu na majirani, tunaomba utulivu tuwasomee maisha ya Amedeus kama yalivyoandikwa na mama yake mzazi, Notburga, ambaye ndiye mwenye tarehe zote, na ambaye ameagiza yasomwe hadi mwisho bila kurukwa neno, hata pale ambapo msomaji, yaani mimi Hironimus, baba yake mdogo, nitaona heri niruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1979 huko Madaba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Otto Mapunda, fundi seremala, na Notburga Haule, mkulima, akabatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 15 Aprili mwaka huo huo. Alipozaliwa hakulia, mkunga akamgeuza, akampiga mgongoni, kimya, mpaka beseni la bati lilipodondoka sakafuni ndipo mtoto akaitika, na mama yake anasema sauti ya kwanza ambayo Amedeus aliijibu hapa duniani haikuwa ya mtu.

Kwa upande wa elimu, alisoma shule ya msingi Madaba kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na akiwa darasa la tano mkanda wa mashine ya kusaga ulimkata ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Mwaka 1994 alijiunga na sekondari hapa Songea mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997 kwa daraja la nne, jambo ambalo mama yake hakulificha wakati ule na halifichi leo, kisha akasoma ufundi umeme kuanzia 1998 hadi 2000, na huko akafaulu vizuri.

Besi aliianza mwaka 1996 katika kwaya ya parokia, baada ya mpigaji wao kuhamia Njombe, mwalimu wa kwaya akawaangalia vijana wote mikono na kumwita yeye kwa sababu ya urefu wa vidole, kile kifupi hakukiona. Kidole hicho kilifanya noti ya tatu ichelewe kidogo, kama mtu anayevuka kizingiti na mzigo kichwani, na waliomsikia zaidi ya mara moja waliweza kumtambua wakiwa nje ya ukuta wa kanisa.

Kuhusu kazi, alikuwa fundi umeme katika ghala la tumbaku Namtumbo kuanzia 2001 hadi 2005, kisha akafungua duka lake la kutengeneza redio na amplifaya katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Msamala, alikofanya kazi hadi ugonjwa ulipomzidi. Tarehe 24 Julai 2004 alifunga ndoa takatifu na Lidwina Ngonyani, wakajaliwa watoto wawili, Renatha, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2006, ambaye naye anapiga besi, na Aidan, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2011, na baada ya mzee Otto kufariki mwaka 2015 mama yake alihamia kwao.

Wengi mnaikumbuka baraza ile ya duka, maana kila Jumapili baada ya misa ya pili wapiga besi walikaa pale mpaka saa kumi, wakizungumza habari za magitaa ya zamani, spika zilizochanika na vifaa vya mtumba vilivyookotwa huku na kule. Eusebi wa kwaya alikuwa akisema, "Amplifaya hizi za siku hizi zinapiga kama debe la mafuta," na Majidi, Myao wa Tunduru, mpigaji wa bendi, akamjibu, "Mtani, debe halina kosa, kosa ni la anayelipiga," na mama yake marehemu, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, anakiri kwamba hakuwahi kuelewa watu wazima wanawezaje kubishana saa tatu nzima juu ya nyaya nne za gitaa.

Watu hao walikuwa na desturi yao, nayo tunaieleza kwa sababu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kifaa cha mtumba hakitumiki mpaka muuzaji ataje jina la aliyekipiga kabla, kwa kuwa waliamini mbao na spika huzoea mkono wa mtu, na mnunuzi hupiga wimbo mmoja, humtaja mwenyewe kwa jina na kumuaga, ndipo kifaa kinakuwa chake, na kisichokuwa na jina hakinunuliwi.

Tarehe 14 Agosti 2021, Amedeus na Majidi walikwenda Tunduru kutengeneza jenereta, na katika ghala la korosho la mzee Muhsini wakaikuta amplifaya iliyotengenezwa Uingereza miaka ya sitini, ya zile zenye taa za kioo ndani, ngozi yake nyeusi imebanduka, juu yake yamepangwa magunia. Walipouliza jina la mwenyewe, mzee Muhsini alisema, "Kichukueni mkitaka, lakini jina siwatajii, huyo akitajwa anaitika," Majidi akasema, "Shikamoo mzee, sisi tunakwenda zetu," lakini Amedeus alikuwa ameshapiga magoti anapuliza vumbi, na kwa mara ya kwanza akavunja desturi yake, akakileta Songea kwa basi.

Jumatatu alipofungua ubao wa nyuma alikuta limeandikwa kwa penseli jina moja, Jeremia, akafurahi, akiona kwamba sasa jina limepatikana na kosa limefutika. Akawasha, akapiga wimbo wa kuaga, akasema, "Jeremia, tunakuaga, asante kwa kututunzia." Akafunika nyaya kwa mkono, na spika ikarudisha wimbo ule ule, polepole, kwa dole gumba, kwa mkono mzito ambao haukuwa wake. Mama yake aliusikia akiwa uani, akadhani mgeni amekuja, akaweka kikombe cha pili cha chai kwenye sinia.

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda hivyo, naye Amedeus hakuogopa, akasema ni mwalimu ambaye hakuwahi kumpata, humwita, Jeremia hupiga, naye hufuata, na wote mnaojua muziki mnajua kwamba miaka hiyo ndiyo aliyopiga vizuri kuliko yote. Watu walikuja kusikiliza wakacheka, kisha wakacheka kidogo, kisha wakaacha kuingia, Majidi akawa anakaa barazani mgongo ukiwa mlangoni, na alipoitwa ndani alisema, "Nimeshiba, mtani, huko kuna mtu anakula."

Tarehe 18 Novemba 2024 marehemu alipewa majibu kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa. Mama yake hasemi kwamba kifaa kimemuua mwanawe, daktari alisema ni figo, na figo ndizo. Ila mchana ule, aliporudi na bahasha yake, Amedeus aliingia dukani, akamwita Jeremia, hakikusikika kitu, akamwita mara ya pili na ya tatu, akatoka akakaa jikoni karibu na mama yake, akasema, "Mama, ameondoka. Amepata wa kumpokea zamu." Mama yake akamwambia ale kwanza, na hakumwambia mtu yeyote maneno hayo mpaka wiki hii.

Kuanzia hapo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Lidwina akimsindikiza bila kukosa hata siku moja, hadi tarehe 2 Juni 2025 alipolazwa. Jumanne tarehe 10 Juni, saa nane na dakika ishirini mchana, mama yake alikuwa nyumbani anasonga ugali, umeme umekatika tangu asubuhi mtaa mzima, akasikia besi kutoka dukani, akaenda kumgombeza Renatha kwa kupiga muziki baba yake akiwa kitandani hospitali. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli, Renatha alikuwa uani anafua, mikono ina povu, naye amesimama anasikiliza. Noti ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu ikachelewa. Renatha akasema, "Bibi, baba amerudi lini?" na kabla hajajibiwa simu ikaita, ni Lidwina kutoka hospitali, kwamba Amedeus ametutoka.

Ndugu waombolezaji, mmekuwa mkiulizana tangu juzi kwa nini binti huyu haonekani pamoja na wafiwa wenzake. Alikuwa dukani. Alikaa mbele ya kile kifaa Jumanne na Jumatano, anamwita baba yake, baba yake anaitika, anamwita tena, hali chakula, halali, na Jumatano saa nne asubuhi bibi yake alipompelekea uji alimkuta anapiga pamoja naye, na kidole chake cha pete, ambacho ni kizima, kinachelewa. Eusebi na Majidi waliitwa, wakazitoa taa zote za kioo, wakazifunga kwenye gazeti, sanduku likabaki tupu kama kabati, halikuunganishwa na waya wowote. Renatha akasema, "Baba," na likaitika.

Hapo mama yake marehemu alifunga mlango akabaki na mjukuu wake peke yao. Anaomba ieleweke kwamba yeye pia alikwishamwita, Jumanne jioni, mara moja, akajibiwa, na hajui kama amewahi kusikia kitu kizuri kuliko kile, kwa hiyo hakumlaumu mtoto. Alimwambia, "Mjukuu wangu, baba yako amefanya kazi miaka ishirini na mitano, ameumwa miezi saba. Unataka afanye kazi hata sasa?" Renatha akajibu, "Akiondoka, bibi, nitamsikia wapi?" Bibi yake akasema, "Hutamsikia. Ndivyo kufiwa kulivyo, na mimi simsikii babu yako mwaka wa kumi huu. Lakini yule Jeremia hakuondoka mpaka alipopata mtu, na baba yako naye hataondoka mpaka apate, na anayekaa hapo mbele yake ni wewe." Mtoto alilia sana, kisha akaomba uji, ukapashwa moto akanywa. Leo yuko hapa mbele pamoja nasi, na tunaomba mtu asimsimamishe kumwuliza habari hizi.

Familia imekaa na kuamua, na Baba Paroko amesema kwamba mbao na chuma kwenda ardhini si dhambi mradi visiombewe. Kwa hiyo wale waliochimba kaburi na kulalamika tangu jana kwamba vipimo ni vya watu wawili, hawakukosea vipimo, kutateremshwa jeneza, na baada yake kutateremshwa sanduku lililofungwa kwa kitenge, ni zito, tunaomba wanaume sita. Jina lililoandikwa ndani limepigwa randa na Eusebi mpaka mbao nyeupe, na jina la marehemu halikuandikwa. Wimbo wa kuaga ambao wapiga besi hupigiana hautapigwa leo, wala jina lake lisiitwe wakati sanduku linashuka, tutamtaja baada ya udongo kujaa. Yeyote atakayesikia chochote kutoka chini, aendelee kutupia udongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi saba, na hasa yule muuguzi aliyemshika mkono mwishoni wakati Lidwina ametoka kutafuta maji, majirani wa Msamala kwa kuni, maharage na turubai, kwaya ya parokia, mafundi wenzake, wapiga muziki wote, na mzee Muhsini, aliyesafiri kutoka Tunduru jana kwa basi la siku nzima, akasimama langoni, hakuingia, akatoa pole akarudi.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na wadogo zake watatu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Mwanangu, mama yako amekusikia, umepiga vizuri, inatosha sasa. Weka mikono chini, upumzike kwa amani.