Fundi Sumaku na Kipimo Kilichofutwa

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, marehemu alikuwa ameketi kitandani akikatwa kucha na mumewe, na mkono wa kushoto ulipokwisha akamtania, "Baba watoto, unakata kucha au unapasua kuni?", akacheka mpaka kikohozi kikambana, na kikohozi hicho, cha nimonia iliyomkuta kifua kimekwisha nguvu, ndicho kilichompeleka hospitalini, akafariki saa kumi jioni.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1994 akahitimu stashahada ya upigaji picha za uchunguzi, mwanamke pekee darasani.

Akaajiriwa hospitalini, na mwaka 2004 akahamishiwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, wenzake wakamwita Fundi Sumaku, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyelazwa mle kabla yeye hajaipima mashine kwa chupa ya majaribio na kutia sahihi daftarini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na mwalimu wa takwimu, wakajaliwa binti mwaka 2000 na mtoto wa kiume mwaka 2003, akawalea kwa mkono mwepesi na ulimi mkali.

Tarehe 9 Juni 2009 kitengo chake kilikuwa kikichunguza MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia ubongo na kula utando wa neva, kwa spektroskopia, kipimo kinachoonyesha kemikali za ubongo kama vilele kwenye grafu, na kilele cha kemikali ya neva kikishuka, neva zinaumia. Walihitaji watu wazima wa afya wa kulinganishia, marehemu akajitolea, akapewa namba 14.

Mwaka 2013 mguu wa kulia ulianza kumsaliti ngazini, akaambiwa ni uchovu, na Novemba 2015, jicho moja likiwa limeshafifia, ndipo MS ikathibitishwa.

Januari mwaka huu fundi mwenzake, akihamisha majalada, alikuta karatasi ya namba 14 akamletea, kilele kimeanguka waziwazi, na pembeni mkuu wa kitengo ameandika: "Huyu ni mzima. Hitilafu ya mashine. Kifutwe." Marehemu aliisoma mara mbili, akasema, "Mashine niliipima mwenyewe asubuhi ile. Haikuwa na hitilafu. Mwenye hitilafu nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniambia."

Mumewe amefundisha takwimu miaka thelathini, na hadai kwamba kipimo kimoja kingethibitisha ugonjwa, anasema tu kwamba kingetosha kurudiwa, kingetosha mtu kutembea hatua kumi na mbili za korido na kumwambia, na kwamba miaka sita ya dawa si kitu cha kufutwa kwa kalamu ili jedwali lipendeze.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya neva, majirani waliomshusha ngazi kwa kiti miaka minne bila kuombwa, na mafundi wenzake wote. Mkuu wa kitengo ametuma shada, tumelipokea, shukrani hatuna.

Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kuchagua jeneza, mumewe aliingia ofisini kwa mkuu huyo, akaambiwa, "Shemeji, pole sana, lakini leo una msiba, nenda nyumbani." Akajibu, "Msiba ndio ulionileta," akavuta kiti, akataka jalada la wazima wote ishirini na mmoja. Waliofutwa walikuwa watatu, marehemu akiwa mmoja wao, na wawili walikuwa bado hawajui. Alisukuma simu mbele ya mkuu, akakaa palepale hadi wa kwanza alipopokea na kuitwa kupimwa, kisha wa pili.

Ulale salama, mama watoto.