Pamba ya Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na nimeomba mwenyewe kuisoma historia ya dada yetu, kwa sababu jicho ninalosomea ni yeye aliyelipigania.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akahitimu chuo cha uuguzi mwaka 1983, na mwaka uliofuata akaajiriwa chumba cha upasuaji, alikodumu hadi kustaafu mwaka 2021, na ambako wenzake walimbatiza jina la Hesabu, maana hakuna upasuaji uliomalizika kabla hajahesabu kila mkasi na kila pamba na kutamka, "Hesabu imetimia." Mwaka 1987 alifunga ndoa na fundi redio, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili, ambao nao, masikini, walihesabiwa hadi soksi.

Tarehe 9 Oktoba 2006 nililazwa mezani mimi, jicho la kulia likizimika kwa uvimbe uliobana mshipa wake wa fahamu, na daktari akautoa kupitia tundu la pua, kwa kijibomba chenye kamera, bila kupasua fuvu. Kwa kawaida muuguzi hahudumu ndugu yake anapopasuliwa, lakini siku hiyo hapakuwa na muuguzi mwingine aliyeijua kazi hiyo. Daktari alikwisha kuvua glovu Dada aliposema kwamba pamba zilizoingia ni kumi na mbili, na zilizotoka ni kumi na moja.

Daktari, bosi wake, alisema Dada amekosea kuhesabu mwanzoni, kamera haionyeshi kitu, niamshwe. Dada akasimama kichwani pangu, akasema, "Haamshwi mtu hapa." Alijua, alinikiria baadaye, kwamba kama kosa ni lake, ananiongezea hatari bure na kibarua kinaota nyasi. Daktari akarudisha kamera huku amenuna, akatafuta dakika ishirini na tano, akaikuta nyuma kabisa, ndogo kama ukucha, imelowa damu, imeegemea mshipa ule ule. Daktari huyo yuko hapa leo, na hachoki kuisimulia.

Tangu hapo, kila tulipoonana Dada alinifunika jicho la kushoto, akanyanyua vidole, "Vingapi?" Hata harusini kwangu, jamani, mbele ya wakwe!

Aliugua figo kuanzia Februari 2024, akafariki tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi. Saa mbili alininyanyulia vidole, nikabahatisha vitatu, kwa kuwa machozi yalikuwa yamenijaa, akatikisa kichwa: "Futa macho, mjinga wewe, hesabu tena." Nikafuta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioacha shughuli zao, na wenzake wa chumba cha upasuaji.

Vilikuwa viwili, Dada, niliviona. Hesabu imetimia, pumzika kwa amani.