Kidonge Kimoja kwa Wote: Maneno ya Kumuaga Daktari Valentini

Mheshimiwa Diwani, Daktari Valentini, unayestaafu leo, Daktari Jenipher, unayekipokea kituo chetu, masheikh, wageni waalikwa na wagonjwa wenzangu: Asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi Jafari wa Kilwa Kisiwani nimeombwa nimsifu Daktari Valentini kwa niaba ya wagonjwa wa presha. Nitamsifu. Hakukosa kazini, dawa hazikukauka, na sote alitutibu sawasawa: mnene na mwembamba, mvuvi na mwenye duka, kidonge kilekile, kila asubuhi. Nani atamlaumu kwa upendeleo?

Mke wangu, Adija, naye alipewa kidonge hicho cha kupunguza maji mwilini. Wazee mniwie radhi, nitasema wazi: kinampeleka mtu haja ndogo kila mara. Na Adija alikuwa akivuka bahari alfajiri kuja huku Masoko kuuza pweza, amebanwa chomboni katikati ya wanaume. Ajisitiri wapi? Siku za kuvuka akawa hamezi. Kichwa kikamgonga, tukaja hapa pamoja. Akasema, "Daktari, naomba unibadilishie, au nimeze jioni. Hii na safari zangu siiwezi."

Daktari hakuinua hata kichwa. "Mama, wenzako wote wanameza hiyohiyo. Wewe ni malkia?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Adija akajitanda kanga yake, tukatoka, na hakukubali kurudi tena. Haukupita muda akaanguka pale sokoni, wateja wakimtazama. Kiharusi.

Waliokuja kutupa pole walisema ni kadari ya Mungu. Naam, sibishani na Mungu. Lakini kumuuliza mtu, "Mama, siku yako inakwendaje?" kungempunguzia nini msomi?

Daktari Jenipher aliporipoti kazini, alivuka mwenyewe hadi kisiwani kumwona. Aliuliza anakula nini, anaamka saa ngapi, nani anampa dawa. Kisha akambadilishia. Presha imeshuka. Ulimi haujarudi, wala mkono wa kulia. Siku hizi hata kile kidonge cha zamani angekiweza, maana safari hana tena.

Daktari Valentini, nakutakia mapumziko mema. Na siku ukiugua, namwomba Mungu akujaalie daktari wa kukuuliza unaishije. Nasema kwa dhati, sina kejeli.

Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza. Adija hakuipata bahati hiyo.