Tryphena Wakesho na Fomu za Mutinda

Jumatatu, Juni 30, 2025, Bi. Tryphena Wakesho anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha ushauri wa masomo ya ng'ambo hapa Voi. Tarehe aliichagua mwenyewe. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi nchini, na hakutaka kuondoka kabla wanafunzi wake wote hawajawasilisha zao.

Alikuja mwaka 1999 akiwa karani wa mapokezi. Alipopandishwa kuwa mshauri, aliwafundisha vijana jambo wanalolisahau wakishapanda ndege: ukiwa na PIN ya mlipakodi, unawasilisha ritani kila mwaka hata kama hukupata shilingi. Donald, mmoja wa wanafunzi hao, alipoacha kupokea simu zake, Madam, kama tunavyomwita, alimpigia nyanya ya kijana huyo kule Mahoo. Ritani ilifika siku hiyo hiyo.

Nilipomwambia naandika wasifu huu, aliniomba jambo moja tu: "Thadeus, usimruke Mutinda."

Mutinda alitoka Salaita, mtoto wa pekee wa mjane aliyeitwa Ndunge. Mwaka 2014, kabla hajasafiri, aliuliza kuhusu kodi ya kule anakokwenda. Madam alimjibu kwamba asiyefanya kazi hana cha kujaza. Alikosea. Nchi ile ilimtaka kila mwanafunzi mgeni ajaze fomu kila mwaka, awe na mapato au asiwe nayo.

Miaka miwili baadaye Ndunge alifariki ghafla. Mutinda alipotaka kuja kuzika, chuo kilimwonya kwamba akitoka kabla ya kukamilisha fomu za miaka hiyo ambazo hakuzijaza, huenda asipewe viza ya kurudi. Zilipokamilika, mama alikuwa ameshazikwa.

Madam alikwenda mazishini. Aliporudi alimpigia Mutinda mbele yangu, akamwambia kosa lilikuwa lake. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Mama aliniambia nifuate kila ulichosema, Madam," Mutinda alijibu. "Nilifuata."

Madam alikaa na simu mkononi hadi tukafunga ofisi.

Tangu hapo, hakuna kikao cha wanaosafiri ambamo hakusimulia kosa hilo, bila kujitetea. Sheria ya kodi ya kila nchi aliisoma upya kila Januari, na asichokijua alisema hakijui. Hakuna mwanafunzi wetu mwingine aliyenaswa. Tukimsifu kwa hilo, hubadilisha mazungumzo.

Mutinda alirudi na shahada mwaka 2018. Madam alimsindikiza Salaita, akabaki kando ya ua huku yeye akisogea kaburini. Baada ya muda Mutinda aligeuka, akasema, "Njoo, Madam. Hata wewe ulikuja kumzika." Alikwenda, wakasimama pamoja.

Siku hizi Mutinda anafundisha Taveta. Ameomba awe ndiye atakayempeleka Madam nyumbani Mghange Jumatatu jioni. Madam amekubali.

Asante, Madam, kwa kazi, na kwa ukweli uliokugharimu. Nenda ukapumzike. Tunakuombea siku njema na usiku wa usingizi mtulivu.