Maternité Bila Mabati

Kwa Mama Albertine, nyuma ya ukuta ya usine yenye inayeyusha shaba, kuko banc ya mbao, njo pale tunakunywa kahawa kila asubui. Ile siku chef wa quartier alikuwa amepita na habari mubaya: État, ni kusema serikali, haitatoa tena mafranga ya kumaliza kujenga maternité yetu, nyumba ya bamama kuzalia. Sheria ya environnement inasema commune yenye kuacha mutoni yake ichafuke haipate kintu. Na mutoni yetu, yenye inapokea maji ya usine, tangu mvula ya kwanza iko kijani. Lenga-lenga, mboga yenye bamama banamwangia ile maji, iliungua yote. Maternité nayo ikabakia kuta tu, bila mabati.

— Ile sheria iko bwongo, alisema Rachid, mushonaji, mwenye tunaita Mikasi. État haina mafranga, inatafuta sababu.

— Mafranga iko! alikatala Katongo. Tunamuita Avocat juu anapenda kusamba, kubishana sawa mu tribunal. Banataka tuchoke, tuhame, usine ipanue ukuta mupaka hapa. Bankambo balisema: haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa kibaba inaingia wapi mule? aliuliza Mikasi.

— Inaingia! Leo maternité, kesho banc yetu.

Kiki, muuzaji wa unités ya telefone, akasogea karibu, akapunguza sauti.

— Beye bote munadanganyika. Ile maji haina chafu. Banatia rangi! Commune yetu inapoteza, mafranga inaenda kwa bakubwa.

— Rangi njo iliunguza lenga-lenga? aliuliza Mikasi.

— Inategemea ni rangi gani.

Tulicheka, lakini kidogo, na kila mutu alitazama nani iko anapita njiani.

Njo Djamila alifika kununua kahawa ya bwana yake. Ni bibi mugeni mu quartier, aliolewa hapa mwaka jana, na tumbo yake ilikuwa kubwa.

— Samahani, bapapa. Commune balikatiwa mafranga juu ya maji. Usine yenyewe ilikatiwa nini?

Mikasi akaanza kupuliza kahawa yenye ilishapoa.

— Ile, alisema Kiki, ni ya kuuliza chef.

— Basi twende, alisema Djamila.

Hatukuwaza kama ataenda kweli. Alienda. Aibu ilitusimamisha, tukamufuata. Tulikuta chef iko anaikala mbele ya nyumba yake. Djamila alimusalimia, akamuuliza vile vile alituuliza siye.

Chef alimutazama, halafu alitutazama siye. Hakukasirika.

— Mama, bwana yako anatumika wapi?

Mikasi alirudi nyuma kidogo. Nami pia. Djamila akaweka mikono juu ya tumbo.

— Mu usine, papa, alijibu. Na swali yangu iko pale pale.