Mutahi na Kahawa Isiyoshika

Marehemu Mutahi Mwai alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 karibu na Othaya, kifungua mimba wa nyumba yao, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia akae nyuma.

Alisoma hadi darasa la saba, akaajiriwa karani katika kiwanda cha kahawa. Kalamu ya mfukoni ilimkaa vizuri kuliko kazi yenyewe.

Mwaka 1988 alimwoa Wakonyo, wakamzaa Watiri, kisha Mwai. Mwaka 2004 akafanywa mzee wa kanisa, akaanza kutembea kana kwamba mbingu ni shamba la babake. Mwaka huohuo alipandikiza kahawa. Alifunga vijiti vya mche mpya juu ya visiki vya zamani kwa kamba ya nailoni, bila kukata gome ili utomvu ukutane. Vilikaa kijani kwa muda, majirani wakamsifu. Vikakauka vyote, naye akamlaumu aliyemuuzia.

Mwaka 2015 alihamia Kerugoya kwa mwanamke mwingine. Wakonyo alipolia mbele ya wazee, Mutahi, aliyekuwa bado mzee mwenzao, aliwashawishi wamnyime mkewe meza ya Bwana, kwa kumchafulia mumewe jina.

"Ukitolewa hapa, umetolewa kwa Kristo," alimwambia Wakonyo mlangoni pa kanisa.

Wakonyo akawa anaomba jikoni. Kristo hakumtoa.

Mwaka 2024 figo za marehemu ziliharibika, na Kerugoya ikamrudisha kwa mkewe. Wakonyo alimwosha na kumlisha, bila kutabasamu. Kifo kilipokaribia, mgonjwa aliogopa.

"Mama Watiri, niletee beji yangu ya uzee wa kanisa. Nizikwe nayo."

"Ya nini? Ati Kristo ni askari wa geti? Unakumbuka ile kahawa yako?"

Aligeukia ukuta.

"Nilifunga kamba tu," akasema. "Hata kwa Kristo, nilifunga kamba tu. Niombee anishike."

Wakonyo hakutaka. Hata hivyo aliomba, kwa hasira: "Bwana, huyu hana chochote cha kukuletea. Muunganishe nawe, la sivyo amekwisha."

Mgonjwa akasema amina kabla yake. Alifariki tarehe 11 Juni 2025, katika hospitali mjini Nyeri. Beji imebaki kwenye droo.

Ameacha mjane, Wakonyo, na watoto wawili, Watiri na Mwai. Ikiwa leo yumo ndani ya Kristo, hakuingia kwa uzee wa kanisa wala kwa wema, maana wema hakuwa nao. Ameshikwa tu, kama alivyoshikwa Wakonyo, ambaye yeye alimfungia mlango. Apumzike humo kwa amani, bila kiti cha mbele.