Majivu ya Okech Chini ya Makopo

Ninyi vijana mliowahi viti vya mbele kwa sababu ya soda ya bure, vueni kofia, acheni kelele. Leo tunaagana na mtu.

Okech Okal amekagua makopo ya vinywaji katika ghala letu hapa Nyakunguru miaka ishirini na miwili. Anastaafu leo, tarehe thelathini Juni. Hotuba hii nimeiandika mimi, Bibi Mokami, mpishi wa ghala, maana wenye mwandiko mzuri wote wameingia mashimoni kuchimba dhahabu.

Alikuja kutoka Shirati, kule ziwani, biashara ya dhahabu ikiwa imepamba moto. Kazi yake ni kukamata kopo lililoharibikia kiwandani. Anatandaza majivu makavu juu ya boksi, anapindua makopo kichwa chini, anasubiri. Kopo lenye mshono mbaya wa kifuniko, hata ling'ae namna gani, litatoa tone na majivu yatashikana. Majivu hayo yanatoka jikoni kwangu, kwa hiyo na mimi ni mkaguzi, msinidharau.

Wachimbaji walimwita mchawi wa soda. Wao walichagua kopo lililovimba, eti hilo limejazwa vizuri. Okech akiwanyang'anya anawauliza: kwani ng'ombe aliyevimba tumbo ndiye amenona? Siku moja alirudisha lori zima. Tajiri mwenye ghala alifoka mpaka akafungua kopo moja mwenyewe, akanywa, akatapika.

Amefundisha watatu. Joram hakumaliza wiki. Sadock aliondoka na chekeche langu la majivu, akaenda kuchekechea mchanga wa dhahabu. Wa tatu ni mjukuu wangu Waitara, ambaye kidole gumba chake kilijua ukingo mbovu kwa kuupapasa tu. Naye siku hizi anashinda shimoni Kewanja, anachimba giza.

Macho ya Okech sasa yana ukungu. Juzi alipitisha kopo ambalo hata mimi niliona linavuja. Nikamwonyesha. Alikaa juu ya kreti, akafuta mikono. Sijawahi kumwona amekaa saa za kazi. Kesho lori linashusha mzigo, na hakuna wa kuupindua. Watakaokunywa ni watoto wenu.

Okech, asante, umetulinda matumbo bila sisi kujua. Ziwa la kwenu likupokee vizuri, na samaki wasikose kwenye sufuria yako.

Waitara, nimekuona hapo nyuma, na wewe umefuata soda. Basi la Okech ni keshokutwa. Kesho asubuhi acha sururu, njoo jikoni kwangu na ndoo, uchote majivu umpelekee ghalani kabla lori halijafika.